Mfarishi wa Kuku na Mafeni

Jumamosi Mtaa wa Kongo haupitiki hata kwa ubavu. Sitara alikuwa ameshaingia duka la tatu, dera lake la zambarau limemganda mgongoni kwa jasho, ndipo alipokiona kitenge cha kuku. Kuku wakubwa na vifaranga vyao, kila mmoja na tabia yake. Kilibaki kipande kimoja. Alipokivuta, na chenyewe kikamvuta. Upande wa pili wa meza kulikuwa na mkono wa mwanamume.

"Dada, hicho nimekishika mimi."

"Kushika siyo kununua, kaka."

"Na kuvuta je?"

Muuzaji akacheka, na Sitara naye akajikuta anacheka. Mwanamume alikuwa mrefu, shati jeupe limekunjwa mikono, vidole vinanukia majani ya nyanya.

"Una nini na kuku wewe?"

"Wa mama yangu. Yuko Lushoto, baridi ya Juni inamtafuna magoti. Nataka blanketi la kuungaunga vitenge vya mapicha. Kitenge cha maua anasema ni cha wazee, na ana miaka sabini na moja!"

"Hilo ni mfarishi. Nani atakushonea?"

"Ndiyo namtafuta."

"Basi umeshampata. Achia kitenge."

Aliitwa Anuari, na aliuza nyanya sokoni Kariakoo. Sitara alikuwa na cherehani yake barazani kwao, Mtaa wa Mchikichi. Ufundi wa mifarishi aliupata kwa bibi mmoja wa Kihindi kule Upanga aliyefanya naye kazi miaka sita. Aliwahi kuolewa. Mume alikuwa akirudi, anakuta kazi imetandazwa sakafuni, anapita juu yake na viatu. "Vitambaa ni vitambaa tu," alikuwa akisema. Ndoa ilipovunjika Sitara alirudi kwao na cherehani na hasira moja aliyoifungia moyoni.

Anuari akawa anapiga simu kila jioni.

"Kuku wangu hawajambo?"

"Wameshiba. Wewe umekula?"

"Nitakulaje, na wewe umenishikia kitenge?"

"Toka hapa!" Sitara alisema, na simu ikikatika alibaki anatabasamu na sindano mkononi.

Kila Anuari alipopita aliongeza kitambaa: cha mafeni, cha baiskeli, cha vikombe vya chai, cha taa za chemli. Vyote vimejaa michoro hadi ukingoni, vyote vinapiga kelele. Sitara alihangaika navyo wiki nzima. Mwishowe akavipanga kama bao la drafti: vikombe vyekundu, baiskeli za kijani, kuku wekundu, mafeni ya kijani. Akavipanga mkekani, akapaka wanja, akavaa dera jipya, akampigia aje kuona.

Anuari aliuzunguka mkeka mara mbili.

"Sema basi," Sitara alimhimiza.

"Mbona vyote vimelala pamoja? Macho yangu hayana pa kushika." Akainama, akagusa kikombe, akagusa na baiskeli. "Hiki na hiki, si kimoja tu?"

Sitara alihisi kiatu kikipita juu ya kazi yake.

"Kimoja tu? Nyekundu na kijani ni kimoja tu?"

Anuari akauondoa mkono kwenye kitambaa.

"Kama kwako vyote sawa, kanunue blanketi la dukani. Hapa hupajui tena."

Akaondoka bila kujitetea, na hilo ndilo lililomuuma Sitara zaidi. Jioni simu iliita, hakupokea. Kesho yake ikaita, hakupokea. Siku ya nne haikuita, naye akajikuta anaitazama.

Juni ilikuwa imeshaingia. Kosa la mtoto halimhusu mama, Sitara alijiambia. Akafunga vitambaa vyote kwenye mfuko, akajitupia mtandio, akaelekea sokoni kuvirudisha, apate fundi mwingine mapema.

Alimkuta Anuari na mama lishe anayetaka nyanya za mchuzi, zilizoiva sawasawa. Sitara akasubiri nyuma ya mama yule. Anuari hakuzitazama nyanya kabisa. Alizibonyeza moja moja kwa kidole gumba, akaipita moja nyekundu, ngumu, akachukua ya pembeni yake. Mikono yake ilikuwa inakwenda kama ya mtu aliye gizani.

Mteja alipoondoka, Sitara alichukua nyanya mbili akazinyoosha mbele yake.

"Ipi nyekundu?"

Anuari akanyoosha kidole ili abonyeze. Sitara akarudisha mkono nyuma.

"Kwa macho."

Anuari akainamisha kichwa.

"Sijui," alisema taratibu. "Nyekundu na kijani sizitofautishi, tangu nimezaliwa. Shuleni walinicheka mpaka nikajifunza kuficha."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe unaishi kwa rangi, Sitara. Nilijiuliza, utamtaka wa nini mtu asiyeziona?"

Sitara alizirudisha nyanya polepole. Hasira yote aliyokuja nayo haikuwa na mwenyewe tena.

"Nisamehe. Nilimjibu mtu mwingine kabisa, wewe ukaumia." Akafungua mfuko. "Siku ile uliona nini?"

"Nikisema utanifukuza."

"Sema."

"Tope. Tope zuri, lakini tope."

Sitara akatoa simu, akaitafuta picha ya mpangilio ule, akaiondolea rangi zote. Kikabaki kitu cha kijivu, vilivyokoza na vilivyopauka vimechanganyika, huoni kuku wala feni. Akaguna. "Miaka kumi nashona, sijawahi kuliona hili."

Jioni ile Anuari alikaa mkekani akivitenga vitambaa: kilichokoza huku, kilichopauka kule, cha katikati hapa. Sitara akaongeza kitambaa cha marekani cheupe kisicho na mchoro kati ya kipande na kipande, macho yapate pa kupumzikia. Na vipande akavikata vikubwa.

"Kuku wasikatwe vichwa," Anuari alisisitiza. "Mama atauliza nani kachinja."

Mfarishi ulipanda basi la Lushoto siku nane baadaye. Ijumaa, baada ya swala, Anuari alifika barazani amevaa kanzu, simu sikioni, akamkabidhi Sitara.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mungu aibariki mikono yako. Majirani wamejaa hapa wanaangalia kuku."

Walipomaliza, Anuari hakuipokea simu yake.

"Kwenu wanapokea wageni siku gani?"

Sitara alijua swali hilo ni la posa.

"Mama yako anajua kwamba niliolewa nikaachika?"

"Anajua. Uliponiambia tu, nami nilimwambia."

"Akasemaje?"

"Akauliza kama unakula makande."

Sitara alicheka hadi machozi yakamtoka, wanja likamchuruzika.

"Mwambie nakula," alisema, akijifuta kwa ncha ya mtandio. "Na wazee wako waje Jumapili, baada ya alasiri."