Titimaji la Yustina

Ndani ya tangi la kioo, titi lilikuwa linazama peke yake. Kila liliposhuka lilijikaza kidogo, likajipima, likatulia. Lilipopandishwa, likalegea. Yustina Ntakije akacheka kwa mara ya kwanza tangu upasuaji.

"Hilo ndilo titimaji," alisema Bi Skola, muuguzi wa viungo bandia hapo Kigoma. "Lina kifuko cha gesi na ubongo mdogo kama punje ya mtama. Ukizama, linajisawazisha na titi lako la kulia. Hata joto la mwili linaiga."

"Na lile?" Yustina alionyesha kipande cha silikoni rafuni.

"La kizamani hilo. Gramu mia sita, basi. Halijui lolote."

Nani angechagua lisilojua lolote? Yustina alichukua titimaji, na mimi ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo. Saratani ilikuwa imemchukulia titi la kushoto na miezi kumi na mmoja ya kazi. Na kazi yenyewe si mchezo: alikuwa mhandisi mzamiaji, mmoja wa wanaohudumia mashine za kufua umeme chini ya Ziwa Tanganyika. Ili arudi, alitakiwa kuelea sawasawa mbele ya mashine inayozunguka, dakika kumi, bila kushika kitu. Alipewa nafasi mbili. Akishindwa zote, angekaa ofisini akitazama roboti kwenye skrini mpaka astaafu. Wazo hilo lilimtia kichefuchefu kuliko dawa zote za saratani.

Wazamiaji hao wana desturi yao. Mashine zile zina sumaku kali zinazozima kila kifaa chenye umeme, kwa hiyo kabla ya kuzama kila mtu huweka vyake kikapuni, na mwenzake humuuliza mara tatu.

Siku ya jaribio la kwanza aliyeuliza alikuwa Maulidi Kabwe, aliyezama naye miaka tisa.

"Kuna kingine, dada Yusta?"

Akaweka saa, na kisikizi cha sikioni.

"Kuna kingine?"

Akavua pete yake ya simu. "Basi, kaka."

"Hakika?"

"Wee Maulidi! Unataka nivue na meno?"

Hakudanganya, jamani. Wiki tatu alikuwa ameamka na titi lile, ameoga nalo, amekunywa chai nalo. Alishasahau kwamba ni kifaa.

Mbele ya mashine, titimaji lilizimika. Valvu ya kifuko chake ikabaki wazi, gesi ikajaa, upande wa kushoto ukaanza kumnyanyua. Alipiga mateke, akapinduka hivi na hivi, mpaka Maulidi akamshika kiunoni wakapanda polepole.

Juu ya jukwaa la kuzamia alivua kofia akalia waziwazi. "Sumaku zile nilizifunga kwa mikono yangu mwenyewe! Nimesahauje mimi?"

Maulidi aliona suti ilivyovimba upande mmoja, akatazama pembeni. "Dada, ungeniambia."

"Ningekuambiaje? Titi?"

"Kwani mara tatu zile nilikuwa nauliza nini?"

Hasira ilimshika, kwa Maulidi, kwake mwenyewe, na kwa lile titi lililojifanya lake mpaka akaliamini.

Kesho yake alirudi kwa Bi Skola. "Nipe lisilojua lolote."

Bi Skola alimshonea mfuko ndani ya suti ili lisiteleze, wakajaribu bwawani mara mbili. Lilikuwa zito begani, tena la baridi. Titimaji hakulitupa, alilihifadhi kwa ajili ya harusi na siku za kuogelea na dada zake. Kazini alitaka kujua amebeba nini.

Siku ya jaribio la pili jukwaa lilijaa wafanyakazi wenzake, na wote walikuwa wanasikia.

"Kuna kingine, dada Yusta?"

Yustina aliweka mkono kifuani.

"Kipo," alisema kwa sauti. "Titi la kushoto. Silikoni tupu, halina umeme. Gramu mia sita."

Hakuna aliyecheka. Maulidi alipiga goti, akapapasa vipande vya risasi kwenye mkanda wa uzito wa Yustina kama afanyavyo siku zote.

"Basi hiki cha kushoto nakihamishia kulia. Kuna kingine?"

"Hakuna."

"Hakika?"

"Hakika, kaka."

Walizama. Mbele ya mashine Yustina alikunja mikono kifuani, juu ya lililo lake na lisilo lake, akaanza kuhesabu dakika. Ya kumi ilipotimia, Maulidi alimwashiria wapande. Yustina alitikisa kichwa: bado kidogo.