Alimchimbia Esta Ngolo, Nami Nikaapa Uongo

Nina umri wa miaka thelathini na minne, mama wa watoto watatu, mkulima wa kahawa huku Mapera, Mbinga. Nimetoka jela ya Songea. Wasomaji wenzangu, sikuiba wala sikuua... Kesi niliifungua mwenyewe, na jela nikaenda mwenyewe!

Kwetu Umatengoni tunalima kwa ngolo. Mume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa miraba. Mke huja na jembe, akazifukia kwa udongo na kuacha shimo katikati. Mwanamume akionekana anachimba ngolo, wenzake watamcheka mpaka azeeke. Tangu tufunge ndoa, mume wangu Kanisius hakunichimbia hata shimo moja. Hata nikiwa na mimba kubwa, alikaa kando akivuta tumbaku!

Wakati viongozi wanapita vijijini kutufundisha ujamaa, Kanisius akaanza ujamaa wake. Akamleta Esta, mwanamke wa ziwani kutoka Mbamba Bay, akamjengea kibanda ng'ambo ya kijito. Akampa na shamba ambalo mama mkwe alinipa mimi nilipoolewa.

Hayo niliyameza... Lakini asubuhi moja nilikwenda kutafuta kuni kijitoni, nikamwona Kanisius ameinama, jasho linamtiririka, anamchimbia ngolo katika shamba lile langu! Esta, aliyezoea kulima mihogo ya ufukweni, alikaa kivulini akisuka nywele. Nilijificha kwenye matete nikitazama mpaka jua la utosi. Dada zangu, ninyi mngevumilia?

Nikamshtaki Esta Mahakama ya Mwanzo nirudishiwe shamba langu. Mama mkwe alikubali kunitolea ushahidi kwamba alinipa yeye. Hilo pekee lilitosha! Lakini nikaulizwa nani aliyechimba ngolo za pale. Ningetamkaje mbele za watu kwamba mume wangu alimfanyia yule kazi asiyonifanyia mimi? Nikashika Biblia, nikaapa, nikasema ngolo zile nilizichimba kwa mikono yangu.

Esta alipoulizwa, alisema Kanisius ndiye aliyechimba. Wazee wa baraza wakaangua kicheko.

"Mwanamume wa Kimatengo achimbe ngolo? Usituchezee, mama," mmoja alimwambia.

Kanisius hakufika, aliogopa kuchekwa. Nilikuwa nashinda, jamani! Ningenyamaza tu...

Hakimu, mgeni kutoka Tanga, akamwuliza Esta kwa nini mwanamume ajitie aibu hiyo. Esta akainamisha uso.

"Mheshimiwa, alisema mikono yangu ni laini, hataki ichubuke. Akachimba huku akiniimbia."

Akimwimbia! Damu ilinichemka. Nikasimama, nikapiga kelele: "Mwongo mkubwa! Hakuimba! Nilikuwa kwenye matete tangu asubuhi, alichimba kimya mpaka akamaliza!"

Mama mkwe akafunika uso kwa kanga. Hakimu akaweka kalamu chini, akanitazama kwa huruma.

"Mama, shamba ulipewa na mkwe wako. Lingekuwa lako tu, hata achimbe nani. Ulidanganya kwa ajili ya nini?"

Shamba nikapewa, na pingu nikapewa. Kesi ya pili nikashtakiwa mimi: kutoa ushahidi wa uongo baada ya kiapo. Mahakama ya Wilaya haikuuliza habari za wivu, ikanifunga.

Niliporudi, shamba langu lilikuwa pori tupu. Lakini pembeni ya kibanda cha Esta niliona ngolo mpya. Kanisius alikuwa anachimba mchana kweupe, watu wanapita wakimwamkia! Aibu aliyokuwa akiificha niliitangaza mimi, kijiji kikamcheka mpaka kikachoka. Sasa hana tena la kuficha.

Ndugu zangu, ukisimama kizimbani katika kesi yako mwenyewe, sema kweli hata kama inakuvua nguo. Usiape uongo kwa sababu ya wivu. Utafungwa wewe, na hao wawili watabaki nyumbani!

Mimi ngolo zangu nachimba peke yangu. Na kutoka ng'ambo ya kijito namsikia Kanisius... Siku hizi anaimba.