Leo Changu, Kesho cha Fatu

Msimu wa kupulizia mikorosho dawa ya salfa ulipofika, kijiji kizima cha Nkowe kiliamka kabla ya jogoo. Umande ukiwa bado kwenye maua ya mikorosho, mashine za kupulizia zilinguruma kila upande, na vumbi la njano likapanda juu ya miti na kutanda. Nasma, msichana wa darasa la sita, alijifunga kitambaa puani na kusimama mbali, upande unakotoka upepo. Alimsubiri mjomba wake Kaimu amalize shamba la Bibi, kisha yeye abebe salfa iliyobaki na kuipeleka kwa mzee Isihaka, ambaye shamba lake limepakana na lao.

Kusema kweli, salfa hiyo haikuwa imebaki. Bibi Mwanaheri aliitenga mwenyewe kila mwaka kabla mashine haijawashwa. Mzee Isihaka awe nayo, asiwe nayo, fungu lake lilikwenda. Siku moja Nasma aliuliza kwa nini, na Bibi akamweleza kwamba ugonjwa wa mikorosho haujui mpaka wa shamba. Ule ukungu mweupe unaokausha maua ukiuacha kwa jirani, upepo utakurudishia.

"Anayepuliza kwake tu amepuliza hewa," alisema Bibi, na hapakuwa na mkulima pale Nkowe ambaye angembishia.

Wakirudi nyumbani, Nasma alikoroga uji wa mtama, akamimina maji kwenye kikombe na kuleta kidonge. Bibi alikuwa na presha. Mwaka uliopita moyo wake ulianza kwenda mbio hata akiwa amekaa, na zahanati wakampa vidonge vidogo vyeupe. Walimwambia ameze kimoja kila siku, apunguze chumvi, na asiache dawa hata siku atakayojisikia mzima. Mama yake Nasma alikuwa akipika kwenye mgahawa Ruangwa mjini, hivyo kopo la vidonge lilikabidhiwa kwa Nasma.

Kwa muda mrefu mambo yalikwenda sawa. Kisha ikaja sikukuu ya Idi, na Bibi Fatu akaja kuwatembelea. Huyu alikuwa mdogo wake Bibi, aliyeolewa Chiola, upande wa Nachingwea. Baada ya kula pilau alilalamika kwamba kichwa kinazunguka, moyo unadunda kama ngoma, na miguu haina nguvu hata ya kufika kisimani. Bibi hakumwacha amalize.

"Ni hiyohiyo yangu. Tumenyonya ziwa moja, tutaugua mbalimbali?"

Tangu siku ile vidonge vya Bibi vikawa na wenyewe wawili. Asubuhi moja alimeza. Asubuhi iliyofuata alikiweka kidonge kiganjani, akakitazama kidogo, kisha akamrudishia Nasma. "Leo changu, kesho cha Fatu," alisema siku ya kwanza, na maneno hayo yakawa sheria ya nyumba. Nasma alivifunga vidonge vya Bibi Fatu kwenye kipande cha nailoni. Siku ya gulio, Nurdini wa bodaboda alipita kuvichukua na kuvipeleka Chiola.

Nasma aliona ni jambo zuri. Alijivunia hata namna alivyojua kukaza fundo. Kitu kimoja tu kilimkera moyoni: Bibi alikuwa amemwonya kwamba yule Mngoni asijue.

Mngoni huyo alikuwa Sista Teodosia, muuguzi wa zahanati, aliyetoka Songea. Yeye na Bibi, aliyekuwa Mmwera, walikuwa watani, na utani wao uliwafanya wagonjwa wengine wasahau maumivu. Siku Bibi alipopata kizunguzungu akitwanga, mchi ukamponyoka na kuanguka, Kaimu alimpakia kwenye baiskeli wakaenda zahanati. Nasma alitembea nyuma, ameshika kanga ya Bibi isinase kwenye gurudumu.

"Leo Mmwera kaletwa na baiskeli kama gunia," alisema Sista Teodosia mlangoni.

"Gunia la korosho lina bei, Mngoni. Babu zenu walishindwa kutuchukua kwa mikuki, sasa mnakuja na mashine za kutubana mikono."

Watu waliokaa kwenye benchi walicheka. Sista alicheka pia, lakini macho yake yalikuwa tayari yanamchunguza Bibi. Alimkalisha akaegemea kiti, miguu yote chini, mkono juu ya meza, akamtaka apumzike kwanza bila kusema neno, kwa kuwa mtu akiongea presha hupanda na kipimo kikadanganya. Ilikuwa kazi ngumu kwa Bibi, kunyamaza. Kisha Sista akamfunga kile kitambaa cha kipimo mkononi, akapima, akasubiri, akapima tena. Kicheko kilikuwa kimemtoka usoni.

"Vidonge unameza kila siku, Bibi?"

"Kila siku."

Nasma aliinamisha kichwa na kutazama sakafu. Sista alieleza kwamba presha imepanda sana, na ikibaki hivyo inaweza kumletea kiharusi. Ikiwa kweli anameza kila siku, basi dawa haimtoshi. Wiki inayofuata atampeleka kwa daktari hospitalini, huenda akaongezewa nyingine yenye nguvu zaidi. Alipomaliza alimgeukia Nasma, akamuuliza kama kuna lolote la kuongeza. Nasma akatikisa kichwa.

Njiani Bibi alimsifu. Alisema mtoto mwenye adabu hatoi ya ndani nje. Nasma alizisikia sifa hizo, lakini hazikumfurahisha.

Siku ya gulio Nurdini alikuja mapema kuliko kawaida. Hakushuka hata kwenye pikipiki. Alimwamkia Bibi, akatoa salamu za Chiola, kisha akaeleza kwamba hali ya Bibi Fatu si nzuri. Kifua kinambana, kinalia kama filimbi, na sasa halali ila ameketi. Anashukuru kwa dawa, ila anaona ni kidogo. Anaomba safari hii ziwe mara mbili.

Bibi aliingia ndani, akachukua kopo, akamimina kiganjani karibu vidonge vyote.

"Mimi bado nasimama," alisema. "Yeye ndiye aliyezidiwa. Funga hivi, Nasma."

Nasma alifunga, na vidole vikiwa bado kwenye fundo, akakumbuka. Siku Bibi alipopewa vidonge hivi mara ya kwanza, Sista Teodosia alimuuliza kama amewahi kuugua pumu. Aliuliza mara mbili, na aliposikia hapana ndipo akatoa dawa. Sasa Bibi Fatu alikuwa na pumu tangu Nasma apate akili. Watu wakipepeta mtama, yeye alikwenda kukaa mbali, kifua kikimlia.

Alimkumbusha Bibi kuhusu swali lile. Bibi hakutaka kusikia.

"Hayo ni maswali yao tu. Si waliniuliza hata nimezaa wangapi? Nenda, Nurdini asichelewe."

Nasma akatoka, kifurushi kikiwa ndani ya ngumi. Nurdini alinyoosha mkono.

"Lete mzigo, dogo. Kuna abiria ananisubiri."

Ngumi haikufunguka. Nasma alimwogopa Bibi, na zaidi ya kumwogopa alimpenda. Alijua akisema, nyumba itamwona msaliti. Lakini alijua pia kwamba kule Chiola kuna mtu anayehangaika kupata pumzi, naye ndiye aliyefunga fundo kila wiki. Siri hii ilikuwa imekula afya ya Bibi upande mmoja, na upande wa pili ilikuwa inambana Bibi Fatu kifua. Angeitunza kwa faida ya nani?

"Kaka Nurdini, nipeleke zahanati kwanza."

"Kha. Mzigo umegeuka abiria? Na bibi yako je?"

"Atanikasirikia. Twende."

Sista Teodosia alikuwa akipima watoto uzito. Nasma alifungua ngumi mbele yake. Nailoni ilikuwa imelowa jasho. Alieleza yote bila kuruka: leo cha Bibi, kesho cha Fatu, pumu, kifua kinacholia, na kwamba siku ile aliyoulizwa alijua na alinyamaza. Alisubiri kukemewa. Badala yake Sista alimuuliza maswali mafupi: Bibi Fatu ana vidonge vingine vilivyobaki? Anaweza kuongea sentensi nzima bila kukatika pumzi? Nurdini ndiye aliyejibu la pili. Alisema jana yake alimwona akitaja neno moja, anapumzika, anataja jingine.

Sista alikwishashika simu. Alimpigia Linus, muuguzi mwenzake wa Chiola, akamweleza kwamba kuna mama mwenye pumu anayemeza dawa ya presha isiyo yake, aiache mara moja, na afikishwe kwake sasa hivi. Kisha akamtazama Nurdini. Kijana yule hakusubiri kuombwa.

"Abiria wangu atanisamehe," alisema, na pikipiki ikatoka kwa kishindo kuelekea Chiola.

Bibi alikuwa amesimama uani. Alipomwona Sista Teodosia nyuma ya mjukuu wake, begi la kipimo begani, alielewa. Siku hiyo hapakuwa na utani.

"Umeniuza, Nasma."

Nasma alilia, lakini hakukimbia. Sista aliketi mkekani bila kukaribishwa, kama mtu wa nyumbani, akamwomba Bibi aketi pia.

"Hakukuuza, Bibi. Vidonge hivi hupunguza mwendo wa moyo. Kwako wewe ni dawa. Kwa mwenye pumu vinaweza kuziba njia za hewa, na ndicho kilichomkuta mdogo wako. Ungempelekea mara mbili, ungempelekea kaburi kwa mkono wako mwenyewe, tena kwa mapenzi."

Sista akaendelea kumweleza, kwa sauti ya chini sasa, kwamba hata Bibi mwenyewe alikuwa hatarini. Dawa ya presha humezwa kila siku, na kuimeza leo kuiruka kesho kunaufanya moyo uyumbe. Na kama daktari angemwongezea dawa kwa kuamini kwamba anameza zote, ingeweza kumdhuru siku atakapoanza kumeza zote kweli. Muuguzi hana jicho la kuona ndani ya kopo la mtu. Anachofanyia kazi ni ukweli anaoambiwa.

Bibi aliuliza neno moja tu.

"Fatu anapumua?"

Hawakujua. Walikaa pale mkekani, kuku wakidonoa miguuni mwao, mpaka simu ya Sista ilipoita. Alikuwa Linus. Bibi Fatu amefika, mtoto wake amemshikilia kwa nyuma kwenye pikipiki. Wamempa dawa ya kuvuta, na kifua kimeanza kufunguka. Ameshaomba chai. Bibi alifunika uso kwa kanga, na mabega yake yakatikisika kwa muda mrefu.

Vipimo vilipofanyika, ilionekana kwamba Bibi Fatu hakuwa na presha hata kidogo. Moyo ulidunda na kichwa kikazunguka kwa sababu damu yake ilikuwa pungufu. Akaanzishiwa dawa zake mwenyewe, akahimizwa kula mboga za majani, dagaa na maharage, na nguvu zikaanza kumrudia. Ziwa ni moja walilonyonya, ugonjwa ni mbalimbali.

Bibi hakuongea na Nasma kwa siku kadhaa, ila kumtuma maji au kuni. Hata hivyo kila asubuhi alinyoosha mkono kwa kidonge, akameza. Safari ya kwa daktari iliahirishwa, ili waone kwanza dawa ikimezwa yote itafanya nini. Waliporudi zahanati kupima, Sista Teodosia alitazama kipimo, akapima tena, kisha akatabasamu.

"Dawa haikushindwa, mtani. Ilikuwa inapigana imefungwa mkono mmoja."

"Basi mwisho wa salfa nitakuletea maboga," alijibu Bibi. "Wangoni kwa kupenda maboga."

"Bila chumvi nyingi," alisema Sista, na benchi zima likacheka.

Jioni ile Bibi alimwita Nasma jikoni, akamkalisha kwenye kigoda kando yake.

"Mjukuu wangu, nilikukasirikia kwa kuwa ulinipenda kuliko ulivyoniogopa. Nisamehe. Salfa nampa jirani kwa sababu mkorosho wake na wangu ni mti mmoja. Watu hatuko hivyo. Dawa ya mtu ni ya huyo aliyepimwa. Mgonjwa ukimpenda, mpeleke akapimwe, umsindikize, umpikie, umchotee maji. Hivyo ndivyo vya kugawana. Na siri inayomuumiza mtu si siri, ni ugonjwa mwingine. Itoe kwa mtu mzima anayeweza kuitibu."

Tangu hapo, siku Bibi Fatu anapotakiwa zahanati, Bibi hupanda pikipiki ya Nurdini mpaka Chiola kumsindikiza. Wanakaa benchi moja, kila mmoja na dawa zake kwenye mkoba wake, wakimtania Linus mpaka anasahau anachoandika.

Asubuhi ya mwisho ya kupuliza, Nasma alipeleka fungu la salfa kwa mzee Isihaka kama kawaida. Aliporudi, uji ulikuwa tayari. Bibi alimeza kidonge, akashushia maji, kisha akafungua kinywa wazi na kuinua ulimi.

"Mkaguzi, njoo ukague."

Nasma aliinama akachungulia kwa makini. Hakukuwa na kitu.