Tope la Kigari cha Gadiel

Nilishuka kwenye bodaboda chini ya Nkoaranga saa kumi na mbili kasoro robo, boksi la viatu kwapani. Ndani yake kulikuwa na gari la mbio lenye urefu wa kiganja changu, nililolichonga na kulipaka rangi kwa siku tisa. Halikuwa na uzito wa parachichi, lakini nilihema kama nimebeba gunia.

Tangu siku ya tatu ya kazi ile, kila jioni saa kama hiyo, mdomo wangu ulijaa ladha ya udongo. Udongo mbichi… Nilipiga mswaki mpaka fizi zikatoka damu. Ladha haikutoka.

Njia ya kwenda kwa Mama Gadiel ni mwinuko mkali, migomba kushoto, kahawa kulia. Mvua ya rasharasha ilikuwa inanyesha. Miaka mitatu nyuma niliipanda njia hiyo na jeneza la mwanawe begani, nikilia kuliko ndugu zake.

Niseme mapema, usije ukanionea huruma ya bure. Gadiel nilimuua mimi.

Tulikuwa marafiki wanne: mimi, Gadiel, Dismasi na Derick. Kila Jumamosi tulikutana kwangu, Themi, kutengeneza magari madogo ya mbio. Tulichonga mbao za mringaringa, tukakata vioo kwenye chupa za maji, tukapaka rangi kwa brashi nyembamba. Dismasi mkono mzito, Derick rangi zake zinachuruzika. Fundi nilikuwa mimi, wao walikuwa wanacheza. Sote tulikuwa na tabia moja chafu, kulamba brashi ili ncha ichongoke.

Gadiel peke yake alikuwa na gari la mbio la kweli. Jioni moja alinichukua mazoezini niwe msoma ramani wake, nimsomee kona zilizoandikwa kwenye daftari. Hakuna aliyetuona tukiondoka. Njiani nilimbembeleza tubadilishane viti, na leseni sikuwa nayo. Kona ya nne ikanishinda, tukabingirika mpaka korongoni.

Nilitoka na mkwaruzo. Yeye alivunjika mgongo. Nikamvuta mpaka kiti cha dereva, nikamfunga mkanda.

"Kaka… usiniache."

"Naenda kuita watu," nikamwambia.

Simu ilikuwa mfukoni mwangu, ina chaji. Nilikwenda nyumbani, nikaoga, nikalala. Daktari alisema Gadiel alikata roho alfajiri.

Wiki mbili kabla ya jioni ile ya bodaboda, mama yake alikuja kwangu. Alitaka kigari kama cha mwanawe, rangi ileile ya bluu na nyeupe, watu wawili ndani. Akanipa udongo kwenye leso.

"Tope la matairi tumia hili, mwanangu. Ni la nyumbani."

Sisi tunaopenda kazi hii tunautafuta sana udongo wa kweli. Ukiuchekecha na kuuchanganya na vanishi, tope linakuwa tope hasa. Sikumuuliza kitu. Nilifurahi kwamba amenichagua mimi.

Nilibisha hodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa. Chai ipo."

Nyumba ilinuka moshi wa kuni. Halafu, chini ya moshi, petroli… Juu ya meza kulikuwa na magari mawili madogo, bluu na nyeupe. Moja vioo vimekaa upande, jingine rangi imechuruzika. Kazi ya Dismasi na ya Derick, ningeitambua hata gizani.

"Nao niliwapa udongo," alisema.

Akakitoa kigari changu kwenye boksi, akakipanga katikati. Tope la wenzangu lilikuwa kavu, limepasuka. Langu nalo nilikuwa nimelikausha kwa moto wa taa.

To… to… to…

Lilikuwa linadondoka mezani.

Nilipiga funda la chai ili nipate la kufanya. Udongo. Nilihisi punje zake kwenye meno.

"Wenzio wamelamba brashi zao, wanakula na kushiba," alinong'ona. "Wewe unasikia ladha gani?"

Nilikitua kikombe mezani.

"Mwanangu alikutwa kwenye kiti cha dereva, daftari la kona mkononi. Nililichomoa vidoleni mwake mimi mwenyewe. Dereva gani anaendesha huku anasoma daftari?"

"Mama… huu udongo…"

"Wa kaburi lake. Umemla kila ulipolamba brashi."

Nilipiga magoti. Nililia, safari hii kwa kweli, maana niliogopa. Alinitazama kama mtu anayesubiri maji yachemke.

"Sitaki ufe leo. Yeye alikaa mpaka alfajiri. Andika jina la dereva kwenye mlango wa kigari, ukilete kanisani Jumapili, watu wote wakione. Siku hiyo udongo utakoma."

Akakirudisha kigari kwenye boksi, akanikabidhi. Chai yangu akaimwaga nje.

Jumapili tatu zimepita. Nimekitupa mtoni mara mbili, na mara zote nimekikuta juu ya meza yangu, kimelowa. Vioo nilivibandika kwa gundi, sindano haipiti. Lakini kila jioni udongo unapanda humo ndani, upande wa dereva. Msoma ramani haumgusi. Nilimchonga akitazama mbele. Sasa amegeuza shingo, anamtazama dereva.

Juzi ulifika kifuani. Leo uko kidevuni. Na pumzi yangu inaishia hapohapo.

Nimeandika yote haya na bado hujaliona jina langu. Mlangoni bado pameandikwa Gadiel. Brashi iko hapa, rangi iko hapa. Kuandika jina ni kazi ya dakika mbili, lakini baada yake ni kufungwa, ni Dismasi na Derick kunitemea mate, na mimi napenda sana maisha yangu.

Jioni hii nilitega sikio kwenye kioo cha kigari. Ndani kuna mtu anahema. Sauti ni yangu.

"Kaka… usiniache."

Na kutoka kiti cha pembeni, kwa upole kabisa, Gadiel akajibu:

"Naenda kuita watu."