Majina Sitini na Nne

Azza binti Salem alikuwa na duka la vifungo, nyuzi na zipu katika Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo. Mafundi cherehani walimzoea. Walijua kwamba mkono mmoja utawapimia zipu, na mwingine utakuwa umeshika simu.

"Mama Habib, jukwaa lina wanachama wangapi leo?" walimtania.

"Wale wale. Kumi na mmoja."

Na kati ya hao kumi na mmoja, wanne walikuwa ndugu zake.

Mtoto wake, Habib, alikuwa na miaka tisa, na alikuwa na kifafa. Alipoanguka mara ya kwanza, Azza hakujua la kufanya. Ndugu walisema ni jini. Jirani alisema povu lake linaambukiza. Mwaka mzima ulipita kabla hawajafika kliniki. Habib alipoanza kumeza dawa kila siku, alitulia, akarudi shule.

"Kumbe dawa ipo!" Azza alimwambia mumewe, Hamood. "Wazazi wangapi hawajui?"

Ndipo akaanzisha jukwaa mtandaoni. Alitaka wazazi wenye watoto kama Habib waulizane maswali na kujibiana. Hashimu, mwenye ofisi ya kuchapa kadi na mabango ghorofa ya juu, alimtengenezea.

Lakini watu hawakuja. Azza aliandika "Karibuni jamani." Kimya. Aliweka picha ya maua. Kimya. Jukwaa lilikuwa kama ukumbi wa harusi ambao wageni wamekosea tarehe.

Siku za Alhamisi Azza alijitolea kliniki. Kazi yake ilikuwa kuwapigia wazazi simu na kuwakumbusha tarehe ya dawa. Nesi Celina alimkabidhi daftari. Ndani yake mlikuwa na majina, namba za simu, kazi, mitaa na majina ya watoto.

Alhamisi moja Azza alilitazama daftari lile, na moyo ukamruka. Wazazi sitini na nne! Alikuwa nao mkononi siku zote!

Akapiga picha kurasa zote kwa simu. Kesho yake, duka lilipotulia, akawasajili wote yeye mwenyewe. Kila mmoja alimwandikia salamu. "Karibu Zena Fikirini, fundi cherehani wa Mchikichini, mama wa Salma." Hivyo hivyo mpaka wa mwisho. Jioni akamwonyesha Hamood.

"Mashallah, sabini na watano! Wamejiunga wote leo?"

"Nimewaunga mimi," alisema Azza, akicheka kwa furaha.

Wiki moja ilipita. Jumatatu asubuhi, mwanamke alisimama mbele ya meza ya duka. Alikuwa Zena, waliyezoeana kliniki. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mama Salma! Karibu dada. Za nyumbani?"

Zena hakujibu salamu. Aliweka simu yake juu ya meza. "Nisomee hapa."

Azza alisoma. Yalikuwa maneno yake mwenyewe. Karibu Zena Fikirini, mama wa Salma. Juu yake, kwa herufi kubwa, Jukwaa la Wazazi wa Watoto Wenye Kifafa.

"Nani kakwambia uandike hivi?" aliuliza Zena.

"Mimi... nilitaka kukukaribisha tu."

"Mzazi mmoja wa madrasa alikuwa ananitafuta nishone sare. Kaandika jina langu mtandaoni, kakutana na hii. Kaipiga picha, kaituma kwenye kundi la wazazi wote." Zena aligonga simu kwa kidole. "Jumamosi Salma kaingia darasani. Kila alipokaa, wenzake waliondoa mikeka yao. Mtoto wa miaka kumi na miwili, Mama Habib! Karudi nyumbani, kajifungia chumbani. Mpaka leo hajatoka."

Azza alishika meza kwa mikono miwili.

"Nimemficha miaka mitano," alisema Zena. "Wewe umemtangaza siku moja."

Akachukua simu yake, akaondoka.

Azza aliacha duka wazi, akapanda ngazi mbio hadi kwa Hashimu. Alimweleza huku akihema. Hashimu aliacha kazi yake, akamkodolea macho.

"Dada Azza, uliwasajili bila kuwauliza? Wote?"

"Nilidhani jukwaa ni la kwetu sisi tu."

"Ulitaka liwe wazi ili watu walione. Likiwa wazi, analiona kila mtu. Mwajiri, mwenye nyumba, mkwe. Mimi nilijua wamejiunga wenyewe!"

Walikaa pamoja wakafuta. Walifuta majina, salamu na kila kitu. Hashimu akawatumia ombi wenye mtandao wa kutafutia, majina yale yasitokee tena mtu akiyatafuta.

"Basi yameisha?" aliuliza Azza.

"Hapa yameisha. Kwenye simu ya mtu aliyekwisha piga picha, hatuwezi kufika. Tuseme kweli, dada. Sasa wapigie wote. Waambie ulichofanya."

Kwanza Azza alikwenda kwa Nesi Celina. Alimsimulia yote bila kuficha. Celina alilichukua daftari.

"Ugonjwa wa mtu ni siri yake. Hawa waliandika namba ili wakumbushwe dawa, si kwa kazi nyingine. Na mimi nimekosa. Sikupaswa kukupa daftari lenye mambo yote haya. Nitawaeleza wakubwa wangu. Simu za kuwaomba radhi tutapiga pamoja, hapa hapa kliniki."

Walipiga simu siku nne. Wengine walisamehe. Wengine walimtukana, naye akasikiliza mpaka mwisho. Mwanamke mmoja alisema, "Mume wangu hakuwa anajua." Akakata simu. Azza alibaki ameshika simu sikioni.

Simu ya hamsini na kitu ilimshtua kwa namna nyingine. Alikuwa baba mmoja wa Magogoni.

"Kumbe kuna jukwaa?" alisema. "Mbona nimekitafuta kitu kama hicho miaka miwili? Ungeniuliza tu, mama, ningejiunga siku hiyo hiyo."

Azza alimtazama Celina. Hakuwahi kufikiria kwamba ingetosha kuuliza.

Walianza upya, wao wawili na Hashimu.

"Nikifungua jukwaa lako naona nini?" alisema Hashimu. "'Karibuni jamani' mara saba! Mtu mwenye mgonjwa hatafuti salamu. Anatafuta jibu."

Basi ukurasa wa mbele ukawekewa maelezo ambayo kila mtu anaweza kuyasoma. Mtu akianguka kwa kifafa, mlaze kwa ubavu. Weka nguo laini chini ya kichwa chake. Ondoa vitu vigumu vilivyo karibu. Usimshikilie kwa nguvu, na usimtie kitu chochote mdomoni, iwe kijiko au kidole. Ikipita dakika tano hajatulia, mpeleke hospitali haraka. Kifafa hakiambukizi.

Mazungumzo ya wanachama yakafungwa, wageni wasiyaone. Kila mtu akajisajili mwenyewe, kwa jina la kubuni akipenda. Picha na jina la mtoto marufuku. Anayetaka kutoka anatoka, na maneno yake yanafutwa. Celina aliahidi kujibu maswali kila Jumanne na Ijumaa.

Alhamisi, Azza alisimama mbele ya wazazi waliosubiri kliniki. Aliwaeleza kosa lake kwanza. Kisha akaeleza jukwaa ni la nini. "Karatasi yenye anwani iko ukutani," alimaliza. "Someni kwanza. Anayependa atajiunga."

Mwezi wa kwanza walijiunga wanne tu. Baba wa Magogoni aliuliza kuhusu dozi iliyosahauliwa, akajibiwa. Mwezi wa pili wakafika ishirini na watatu. Waliojibiwa waliwaambia wenzao.

Zena hakujiunga. Azza alikwenda kwake mara moja. "Niambie nifanye nini," alisema. "Ukiniambia nisifanye lolote, pia sawa." Zena aliendelea kushona, hakuinua macho. Azza akaaga.

Wiki tatu baadaye Zena alipiga simu. "Salma anasema Nesi aje awaeleze madrasa. Kasema yeye mwenyewe. Mimi nilikataa, kashikilia."

Celina alikwenda. Maalim Abdulkadiri aliwakusanya watoto, naye mwenyewe akakaa chini kusikiliza. Watoto waliuliza maswali mpaka muda ukaisha. Azza hakwenda. Hakuna aliyemwomba aende.

Mchana mmoja wa Jumamosi, simu ya Azza ililia akimhesabia fundi vifungo vya kanzu. Mwanachama mpya alikuwa ameandika. Jina lake la jukwaani lilikuwa Sindano Tisa.

"Binti yangu ameanguka leo darasani," yalisema maandishi. "Nilipofika nilidhani nitakuta wamemkimbia. Nilikuta wenzake wawili wamemlaza kwa ubavu. Mmoja amemwekea mtandio wake chini ya kichwa. Mwingine anatazama saa ya ukutani, anahesabu dakika kwa sauti. Maalim anawazuia wanaotaka kuleta kijiko. Nimekaa nalia mpaka sasa. Nauliza, aongezewe dawa?"

Azza alijiziba mdomo kwa kiganja. Alijua ni nani. Hakumtaja. Chini yake majibu yalishaanza kumiminika, kutoka kwa watu ambao hakuwajua kwa sura wala kwa majina. Msipunguze wala kuongeza wenyewe, mrudisheni kliniki. Pole mama. Hongera kwa watoto hao. Kisha likaja ombi jipya. Mwalimu wa shule ya msingi aliuliza kama naye anaruhusiwa kujiunga.

Fundi aliyekuwa akisubiri vifungo aliona machozi, akashtuka.

"Mama Habib! Kuna msiba?"

"Hakuna msiba, fundi," alisema Azza, akijifuta macho kwa mtandio. "Ngoja kidogo. Kuna mtu anabisha hodi."