Mchezo wa Kung'ata Kidole

Chiriku alipotoka shule hakuhitaji kuuliza habari za nyumbani. Alizisikia tangu nje ya mlango. Cherehani ya mama ikikimbia bila kupumzika, alijua mtoto amelala. Ikienda kidogo ikasimama, ikaenda kidogo ikasimama, alijua mtoto yuko macho na anataka watu.

Mtoto huyo walimwita Bosi, kwa sababu nyumba nzima ilikuwa chini ya amri yake. Akitaka kubebwa, alibebwa. Akitaka kijiko, alipewa kijiko, hata kama mtu alikuwa anakitumia kula. Alikuwa na umri wa miezi kumi, na meno mapya mawili juu na mawili chini, ambayo alimwonyesha kila mgeni aliyeingia kama mtu mwenye viatu vipya.

Chiriku naye hakupewa jina lake bure. Aliamka akisema, alikula akisema, na baba yake, ambaye alikuwa fundi baiskeli, alidai kwamba hata usingizini anasema. "Huyu binti akinyamaza," baba alipenda kutania, "mkimbizeni hospitali."

Mama alikuwa fundi wa nguo na alishonea chumba cha mbele. Shule moja ya jirani ilikuwa imemwagiza kazi, kwa hiyo meza ya kukatia ilijaa sare, na kola zilining'inia hadi kwenye kitasa cha mlango. Alipokuwa akipanga pindo alibana pini midomoni, na hapo hakuna kilichoweza kumfanya afungue kinywa. Mteja akilalamika, alitikisa kichwa. Sahani ikivunjika jikoni, aliinua nyusi tu. Baba aliuita huo uso wa pini. Kabla ya kumshika mtoto mama alizirudisha pini zote kwenye kopo lake na kulifunga, ndipo akasema yote aliyokuwa ameyabana.

Mchana kazi ya Chiriku ilikuwa kumlea Bosi ili mama ashone. Aliipenda kazi hiyo na alijisifu nayo darasani mpaka wenzake wakachoka. Aliosha mikono, akamketisha mtoto kwenye mkeka uani, na michezo ikaanza. Mchezo ambao Bosi aliupenda kuliko yote Chiriku aliubuni mwenyewe. Alimpa kidole. Bosi alikiuma. Chiriku alipiga ukelele, "Uuuwi!" akajiangusha chali kama mtu aliyezimia. Bosi alicheka mpaka akapata kwikwi, kisha akakitafuta kidole tena. Wakacheza hivyo siku nyingi, na hakuna aliyeona ubaya wowote.

Siku moja Chiriku alikuwa anakunja mikono ya mashati, na mama alikuwa kwenye kiti chake anamnyonyesha Bosi. Huo ndio ulikuwa muda wa mama wa kupumzika. Alinyoosha miguu, akafumba macho, na hata wateja walijua kumsubiri. Ghafla akaruka pale alipoketi.

"Uuuwi!"

Bosi aliachia ziwa. Akamtazama mama usoni, akaonyesha meno yake yote manne, akacheka. Kisha akarudi, akang'ata tena.

Shati lilimdondoka Chiriku. Kicheko kile alikijua vizuri mno.

Tangu siku hiyo mambo yaliharibika. Chuchu ya mama ilichanika, na kila Bosi alipofungua kinywa mama alikaza mabega kama anayemwagiwa maji baridi. Alimtoa kabla hajashiba. Mtoto alilia, na mama aliona vibaya kwa sababu maziwa yalikuwapo, ila maumivu ndiyo yaliyokuwa yamesimama katikati. Hata cherehani ikaanza kwenda ovyo. Mama alishona kola moja upande wa nje ukiwa ndani, akaifumua, akaishona tena vilevile.

Shangazi, dada yake baba, alikuja kuchukua gauni lake akamkuta mama anafuta machozi kwa kitambaa cha bitana.

"Wifi, mwachishe ziwa," alisema. "Huyu si mtoto tena, ni mzee mwenye meno. Jumamosi jioni nitakuletea shubiri. Ukipaka kidogo tu, akionja uchungu huo atakimbia mwenyewe."

"Sikutaka kumwachisha sasa," mama alisema polepole. "Dada yake alinyonya mpaka akajua kuomba kwa maneno. Nilitaka na huyu afike huko. Lakini siwezi, wifi. Namwogopa mwanangu mwenyewe."

"Basi Jumamosi."

"Haya, Jumamosi," mama alisema, akageuza uso dirishani.

Chiriku aliyasikia yote akiwa nyuma ya pazia. Alijua ni nani aliyemfundisha Bosi kwamba ukimuuma mtu, mtu hupiga kelele, na kelele ni kichekesho. Alitaka kusema. Lakini je, mama angemwachia tena mtoto? Na kule darasani angejisifu kwa lipi? Akameza maneno yake. Usiku ule walikula chakula chote bila kusikia habari hata moja ya shule. Baba alimtazama, akamtazama mama.

"Kimya kingi kina mshindo mkuu," alisema.

Chiriku aliinamia sahani yake.

Jumamosi asubuhi mama aliamua kwenda zahanati, kwa sababu kidonda kilimsumbua hata nguo ilipomgusa. Chiriku alimfuata na mfuko wa mtoto. Nesi waliyemkuta alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya taratibu na mikono ya haraka. Alimtazama mama, akasema ziwa halijavimba wala halina joto, ni mchubuko tu. Kisha akachungulia kinywani mwa Bosi akitumia tochi ndogo.

"Natafuta utando mweupe," alieleza. "Mtoto akiwa na ukungu mdomoni, mama naye huumia. Lakini huyu hana kitu, ni meno yake tu. Niambie, anang'ata mwanzoni au mwishoni?"

"Mwishoni, akishapoza njaa."

"Wengi ni hivyo. Mtoto anayenyonya kweli hawezi kung'ata, maana ulimi wake unafunika meno ya chini. Anang'ata akishamaliza, akianza utundu. Sasa, aking'ata wewe unafanyaje?"

"Napiga kelele, nesi. Ulitaka niimbe?"

Nesi alicheka. "Na yeye?"

"Anacheka."

Hapo nesi aliinua macho. "Anacheka? Watoto wengi hushtuka, wengine hulia wao kuliko mama. Huyu wako anacheka kama anaujua huo mchezo. Nani amemfundisha?"

Bosi alikuwa anatafuna kamba ya mfuko. Chiriku angeweza kukaa kimya, na jioni shangazi angeleta shubiri, na mambo yangeisha. Lakini yangeisha kwa Bosi kuonja uchungu mahali alipozoea utamu, kwa kosa lisilokuwa lake.

"Ni mimi," alisema. Mara maneno yakamtoka yote kwa pamoja, kama kawaida yake: kidole, ukelele, kujiangusha, kwikwi za Bosi, na jinsi alivyolijua jambo lenyewe tangu siku ya kwanza akanyamaza. "Nisamehe, mama. Niliogopa hutaniachia tena."

Mama hakugomba. "Kwa hiyo mimi naumia siku zote hizi," alisema, "na dawa ninayo ndani ya nyumba."

"Umelikoroga, binti, sasa utalinywa," nesi alisema, lakini macho yake yalikuwa yanatabasamu. "Utamsaidia kusahau mchezo huo. Tena hakuna haja ya kuachisha ziwa."

Akawaeleza. Kabla ya kunyonya, Bosi apewe kitambaa safi kilicholoweshwa maji yaliyochemshwa yakapoa, atafune mpaka ufizi utulie. Akianza kuangalia huku na huku, mama amtoe kabla hajapata wazo. Akibana, mama asimvute, kwa maana kuvuta ndiko kunakochana. Amsogeze karibu zaidi, naye atafungua kinywa mwenyewe. Kidonda akisafishe kwa maji safi, apake matone ya maziwa yake, akiache kikauke. Akiona homa au ziwa likiwa jekundu, arudi siku hiyohiyo.

"Na kubwa kuliko yote," nesi alimalizia, "aking'ata, asione tamasha. Hakuna kelele, hakuna kicheko. Mtoe, mweke chini kidogo, uso mkavu."

"Uso wa pini," Chiriku alinong'ona, na mama, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, akacheka.

Mchana wa siku hiyo Bosi alitafuna kitambaa chake, akanyonya vizuri, kisha akaanza kuangalia kola kwenye kitasa. Mama alichelewa kidogo, naye akabana. Chiriku aliona mishipa ya shingo ya mama ikisimama. Midomo yake ilijifunga kama imebana pini kumi. Alimkumbatia mtoto karibu, Bosi akafungua kinywa, na mama akamweka kwenye mkeka bila neno.

Bosi alisubiri ukelele. Hakuusikia. Akamgeukia dada yake, mwenzake wa siku zote, akacheka kumkumbusha. Chiriku alijikaza kisabuni. Kicheko kilimpanda hadi puani akakirudisha. Bosi alishangaa, akautazama uso mmoja, akautazama mwingine, kama mtu aliyeingia nyumba ya jirani kwa makosa.

Jioni shangazi aliingia na kichupa chake. Kabla hajasalimia vizuri, Bosi alimshika kidole akakitia mdomoni.

"Uuuwi! Wee mtoto!"

Bosi akacheka mpaka akapata kwikwi.

"Shangazi, usipige kelele, tafadhali," Chiriku alimsihi. "Uso wa pini." Ikabidi aelezwe kisa chote. Mwisho shangazi alikirudisha kichupa mkobani, akajaribu kukaza uso, ila baba alipoingia na kumkuta ameketi hivyo alimuuliza amefiwa na nani.

Haikuwa kazi ya siku moja. Bosi alijaribu kidole cha kila mtu, na kila mahali alikutana na uso uleule. Mchezo usio na mcheza wa pili hauna ladha, na polepole akauacha, akahamia kuangusha vijiko. Kidonda cha mama kilipona. Siku moja Chiriku alirudi shule akamkuta amenyoosha miguu kwenye kiti chake, amefumba macho, na Bosi ananyonya ametulia, mkono mmoja umeshika tepu ya kupimia.

Chiriku aliketi karibu nao kimya. Mama alifumbua jicho moja.

"Mbona umenyamaza? Nikupeleke hospitali?"

"Nawaza tu, mama. Bado unanikasirikia?"

"Kucheza na mdogo wako hakukuwa kosa," mama alisema. "Hukujua. Hata mtu mzima huharibu jambo bila kujua. Kosa lilianza ulipojua ukanyamaza. Wewe unasema kutwa kucha, mwanangu, na neno moja tulilolihitaji ndilo ulilolificha. Ukiharibu, sema mapema. Jambo likisemwa mapema, hurekebishwa kwa kitambaa na maji. Likifichwa, linatafutiwa shubiri."

Chiriku aliitikia kwa kichwa. Bosi aliachia ziwa, ameshiba, akampiga dada yake kofi la furaha.

"Haya, mchukue mwenzako," mama alisema akimnyooshea mtoto. "Nina kola za kushona."

Akafungua kopo lake, akabana pini midomoni, na cherehani ikakimbia bila kupumzika. Uani Chiriku alikuwa anamsimulia Bosi habari za shule, tangu kengele ya kwanza.