Thelathini na Nane Nukta Moja

Foleni ya duka la dawa ilitoka mlangoni, ikapita mbele ya fundi viatu, ikakunja kona na kuishia kwenye ukuta wa benki. Kila mtu alisimama ndani ya duara lake jeupe, ametulia kama mtungi juu ya kata. Maduara yalikuwa yamechorwa kwa rangi ya barabarani, mita moja na nusu kutoka moja hadi jingine, na adhabu ya kutoka nje ya duara lako ilikuwa kutazamwa vibaya na watu arobaini kwa pamoja.

Kijana wa miaka ishirini na tisa, mwenye suruali ya michezo na fulana iliyopauka mabegani, alitoka kaunta akiwa ameshika kipima joto cha mwisho dukani, kile kinachoelekezwa kwenye paji la uso kama bastola. Alikuwa mwalimu wa jiografia na kocha wa soka katika shule moja ya sekondari ya bweni. Kwa kuwa hakuna mwanafunzi aliyewahi kumwuliza swali la jiografia kwa hiari yake, dunia nzima ilimwita Kocha.

"Samahani kaka, hicho ndicho cha mwisho?"

Aliyeuliza alikuwa dada aliyesimama kwenye duara la tatu, amevaa gauni la kijani lenye mifuko miwili mikubwa. Barakoa yake ilishonwa kwa kitambaa kilekile, hivyo ungedhani gauni limeamua lenyewe kupanda mpaka puani. Juu ya barakoa palibaki macho tu, nayo yalitosha.

"Ndicho, dada."

"Mimi nina watu mia tatu wa kupima."

"Mimi nina ishirini na wawili, ila hawatulii."

"Watoto wako?"

"Wangekuwa wangu ningepata wapi nguvu ya kupanga foleni? Ni timu ya mpira."

"Timu ya nini tena? Si mpira wa shule umefungiwa?"

"Umefunguliwa jana, kwa masharti."

"Nayajua," alisema yule dada. "Niliyaandika mimi."

Kocha, mtu aliyeweza kumfokea mwamuzi dakika tisini bila kuvuta pumzi, alikuna kisogo. Alikitazama kipima joto, akamtazama dada yule, kumbe ni afisa afya, akarudi kukitazama kipima joto.

"Basi tukitumie wote, wewe na mimi," alisema mwishowe. "Nikupe namba yangu, siku ukikihitaji unipigie."

"Ujanja wako ni wa mwaka gani huo?" aliuliza afisa afya. Lakini namba aliichukua.

Masharti yenyewe yalikuwa haya. Kila timu iliyotaka kucheza ligi ya shule ingelala bweni moja, ipimwe joto kila siku kwa siku kumi na nne mfululizo, na kocha apige simu ofisi ya afya saa kumi na moja jioni kusoma joto la kila mchezaji. Joto la thelathini na saba na nusu kwenda juu, hata kwa mtu mmoja, lingefuta siku zote na hesabu kuanza upya kwa timu nzima. Timu ambayo haijamaliza siku zake kabla ya mechi ya kwanza ingeisikia ligi redioni.

Kwa Kocha hilo halikuwa jambo dogo. Kikosi kile alikisuka miaka minne, tangu wachezaji wakiwa kidato cha kwanza na wakiukimbilia mpira kama kuku waliorushiwa mahindi. Sasa walikuwa kidato cha mwisho, na baada ya mitihani wangetawanyika. Hapakuwa na kusema tutajaribu mwakani.

Simu zikaanza.

"Kipa?" aliuliza afisa afya.

"Thelathini na sita."

"Nukta ngapi?"

"Nukta nne."

"Beki wa kulia?"

"Thelathini na sita."

"Nukta ngapi, Kocha? Mbona unanifanya niombe kama naomba chumvi kwa jirani?"

Kufikia siku ya tatu, wanafunzi waliokuwa wakifagia chini ya dirisha la walimu, sehemu ambayo haikuwahi kufagiwa vizuri namna ile, walikuwa wameshampa dada yule jina la Nukta. Kocha alilikemea jina hilo kwa ukali mkubwa. Kesho yake akaanza kulitumia.

"Nukta wangu, leo umevaa nini?"

"Koti jeupe la serikali, lina doa la wino mfukoni. Umeridhika?"

"Mno."

"Una matatizo wewe. Winga wa kushoto?"

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Msimu ule kikohozi chenyewe kilikuwa kinamfukuzisha mtu dukani, kwa hiyo methali ilikuwa na hali ngumu, lakini ilifanya kazi. Mama yake Nukta, fundi cherehani aliyeshona ile barakoa ya kijani, aligundua kwamba binti yake siku hizi anarudi nyumbani akiimba.

"Huyo mgonjwa wako anayepiga kila jioni, anaugua nini?"

"Si mgonjwa mama, ni kocha."

"Haya, kocha. Anaugua nini?"

Sasa lilikuwepo tatizo la muda. Kupima vijana ishirini na wawili kulichukua dakika arobaini, maana kipima joto kilikuwa kizito cha kufikiri na mshambuliaji, aliyeitwa Radi, alikuwa akipita foleni mara mbili kwa kupenda kuelekezewa bastola. Kocha alianza kupima mazoezi yakiisha, hivyo simu ilichelewa karibu dakika ishirini, na Nukta alifunga ofisi saa kumi na moja na nusu. Ukitoa kusoma majina, mazungumzo ya maana yalibaki dakika sita. Kocha alilifikiria jambo hili kwa kina, kama mtu anayepanga ukuta wa faulo. Jumapili ya kwanza alikaa na daftari la joto, akalijaza lote mpaka Ijumaa. Aliwapa wachezaji thelathini na sita zenye nukta tofautitofauti, ili kila mmoja awe na hadhi yake. Tangu Jumatatu akawa anawapima kwa jicho. Wote walionekana wazima, na mazungumzo ya maana yakafika dakika ishirini na tano.

Jumanne, siku ya tisa, Nukta alifika shuleni bila kutoa taarifa, akiwa na koti jeupe na jalada kwapani. Ratiba ilimtaka akague kila shule mara moja. Timu ilikuwa uwanjani. Daftari lilikuwa mezani kwa Kocha, limefunguliwa, na Kocha alipoingia chumba cha walimu akipangusa jasho alimkuta Nukta amesimama mbele ya meza.

"Leo ni siku gani?" aliuliza Nukta.

"Jumanne, mpenzi."

"Achana na mpenzi. Mbona beki wako wa kushoto ameshaivuka Ijumaa salama?"

Kocha alipangusa jasho upya.

"Na huyu kipa. Yuko kwao tangu Jumamosi, ameng'olewa jino. Ruhusa nilitia saini mimi, ila jana ulinichekesha nikasahau. Hapa jana ana thelathini na sita nukta tano. Alipimwa na nani, daktari wa meno?"

"Nisikilize, Nukta."

"Nimekusikiliza siku nane. Ulikuwa unanisomea hadithi."

"Niliandika mapema ili tupate muda wa kuongea."

"Kwa hiyo kosa ni langu."

"Sijasema hivyo."

"Wewe ulitaka tiki kumi na nne. Ukaona afisa mwenyewe ni msichana, anacheka kirahisi, ukamchekesha." Alifunga daftari taratibu, bila kulibamiza, na hilo lilimwumiza Kocha kuliko kama angelibamiza. "Hesabu inaanza upya kesho. Na kuanzia kesho utamsomea karani."

Mechi ya kwanza ilikuwa imebakiza siku kumi na tano. Kumi na nne zingetosha, mradi isiharibike hata moja.

Karani alikuwa mzee mpole ambaye daima alikuwa akitafuna kitu.

"Wote wazima, Kocha?"

"Wazima. Nianze na kipa?"

"Ya nini? Wazima ni wazima. Naandika."

Simu ikakatwa. Ilichukua nusu dakika. Kocha sasa alikuwa akipima dakika arobaini kamili, kijana mmoja mmoja, na hapakuwa na mtu wa kumsomea. Alimpigia Nukta mara kumi na mbili kwa simu yake ya mkononi, ikaita mpaka ikachoka. Upande wa pili, Nukta alikaa meza ya pili kutoka kwa karani, amegeuzia simu mgongo, na kila jioni saa kumi na moja alijikuta akiyauliza mafaili kwa sauti ya chini, "Nukta ngapi?" Mafaili hayakujua.

Siku ya kumi na tatu ya hesabu mpya ilinyesha mvua. Wachezaji walijipanga ukumbini mwa bweni. Radi alikuwa wa kumi na tisa, na mara hii hakuomba kupita mara mbili. Kipima joto kilifikiri, kikalia.

Kocha alikitazama. Akamkalisha Radi kwenye benchi, akampa maji, akasubiri robo saa, akapima tena. Akasubiri tena, akapima mara ya tatu. Thelathini na nane nukta moja.

"Mwalimu, ni jua," alisema Radi. "Nililala juani."

"Mvua inanyesha tangu asubuhi, Radi."

"Lakini siumwi sana."

"Sana ni kiasi gani?"

"Kichwa tu. Na mgongo. Na miguu kidogo."

Vijana ishirini na mmoja walisogea mbali na rafiki yao, kisha wakaona aibu, wakabaki njia panda. Nahodha alikohoa, akakumbuka kwamba siku hizi watu hawakohoi, akasema polepole:

"Mwalimu, yule karani haulizi nukta. Haulizi hata namba."

"Najua."

"Imebaki kesho tu. Radi tunamficha chumba cha vifaa, tunamlisha wenyewe."

"Na keshokutwa anacheza?"

Nahodha alitazama viatu vyake. Bila Radi timu hiyo isingefunga hata goli lisilo na kipa, na kila mtu ukumbini alilijua hilo.

"Miaka minne, mwalimu," alisema nahodha.

"Hesabu ninayo," alisema Kocha, akatoka kwenda kwenye simu.

"Wote wazima, Kocha?" aliuliza karani.

"Hapana. Andika. Mshambuliaji, thelathini na nane nukta moja."

Utafunaji ulisimama. "Thelathini na nane? Kocha, si kesho ndiyo ya mwisho? Pima tena baba, hivi vimashine hudanganya."

"Nimepima mara tatu. Andika, mzee wangu."

Karani alirudia namba kwa sauti kubwa, kama mtu anayeomba ushahidi. Kiti kilisogea kwenye meza ya pili. Simu ikabadilisha mkono.

"Nukta ngapi?" aliuliza Nukta.

Kocha aliegemea ukuta. "Nukta moja."

"Unajua maana yake."

"Nilijua kabla sijapiga."

"Mtenge peke yake, fungua madirisha. Nakuja."

Alikuja na gari la wagonjwa, amevaa vazi jeupe la kufunika mwili mzima lililomfanya aonekane kama gunia la unga linalotembea kwa hasira. Alimchukua Radi. Majibu yalitoka baada ya siku mbili: ugonjwa alikuwa nao, na wenzake watano pia. Wote walipona, kwa kuwa walionwa mapema. Ligi ilianza siku iliyopangwa, na nafasi yao ikapewa shule nyingine.

Lakini jioni ile, kabla majibu hayajajulikana, Nukta alivua lile vazi, akanawa mpaka kwenye viwiko, akasimama mwisho mmoja wa baraza la bweni. Kocha alikaa mwisho wa pili.

"Umekuja kikazi," alisema Kocha.

"Nimekuja kikazi. Kazi imeisha nusu saa iliyopita."

"Sikukutumia, Nukta. Nilikuwa mjinga, ila sikukutumia."

"Nimejua leo, saa kumi na moja na dakika nne."

"Na kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo nilikuwa nakutukana kwa mama."

"Akasemaje?"

"Nitukane polepole, anashona."

Kocha alicheka, kisha kicheko kikamwishia njiani, akainamisha kichwa magotini. Nukta hakusogea, maana masharti yalikuwa yake, lakini hakuondoka pia. Dereva wa gari la wagonjwa alipiga honi mara mbili, kisha akazima injini akalala.

Nahodha hakumsalimia Kocha kwa wiki nzima. Wiki ya pili alimsalimia. Radi, kutoka wodini, aliiandikia timu barua ya kuomba radhi yenye kurasa tatu, ikasomwa kwa sauti bwenini, na hakuna aliyecheka, jambo ambalo bwenini halijawahi kutokea.

Fainali ilichezwa wiki saba baadaye katika shule ya jirani, bila watazamaji. Nje ya uzio wa waya walisimama watu wawili: dada mwenye gauni la njano na viatu vya wazi, na kijana mwenye shati lililopigwa pasi upande wa mbele tu.

"Huyu beki Radi angempita akiwa amefunga viatu vibaya," alisema Kocha.

"Bado inauma?"

"Inauma."

"Ungerudia?"

"Ningerudia. Ingeuma vilevile."

Nukta alishika waya kwa vidole viwili. Kocha alikohoa, akaomba radhi kwa kukohoa, akasema:

"Nataka kuja kwenu kumwona mama."

"Ana oda nyingi mwezi huu. Unashonesha nini?"

"Nukta. Nataka kuja kukuposa."

Nukta hakugeuka. Timu ya kulia ilikuwa inaweka mpira kwenye kona.

"Subiri mapumziko," alisema. "Hii kona ni ya hatari."

Kona iliokolewa kwa kichwa. Mwamuzi akapuliza. Mapumziko yalikuwa ya dakika kumi na tano, nao walitumia mbili, moja ikiwa ya kubishana kama Kocha aje peke yake au aje na mjomba wake. Kipindi cha pili kilipoanza timu mojawapo ilifunga bao, na kati ya wale wawili hakuna aliyeweza kusema ni ipi.